Kwenda na kurudi Chùa Hương kwa siku moja ukitokea Hanoi

Siku ya Chùa Hương huharibikia hotelini, si mlimani. Mabasi mengi ya watalii huondoka Hanoi saa 2 asubuhi, yanafika gatini saa 4, na hapo kila mtu anataka mtumbwi wa kumpeleka mahekaluni kwa wakati mmoja. Mwenye kuondoka saa 12 anakuta mto bado una ukungu na ngazi hazina watu. Mambo mengine yote katika mwongozo huu yanategemea hilo moja: amka.

Kwanza ujue unakokwenda. Chùa Hương si hekalu moja. Ni bonde zima la milima ya chokaa lenye mahekalu, madhabahu na mapango yaliyotawanyika, kilomita kama 60 kusini-magharibi mwa katikati ya Hanoi, mahali paitwapo Hương Sơn. Kwenye matangazo ya mawakala utalikuta kwa jina la Perfume Pagoda. Kiini cha yote ni pango la Hương Tích, ambako Wavietnam wanaamini Quan Âm, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha) wa huruma, alikaa miaka tisa akifanya ibada baada ya kumkimbia baba yake mfalme. Serikali ililiweka eneo hili katika daraja la urithi maalumu wa taifa mwaka 2017, lakini mahujaji walikuwa wakija karne nyingi kabla ya karatasi hiyo.

1. Chagua siku kwanza, usafiri baadaye

Msimu wa hija hufuata kalenda ya mwezi. Unafunguliwa siku ya 6 ya mwezi wa kwanza na kuendelea hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Kwa mfano, mwaka mpya wa Kivietnam, yaani Tết, utaangukia Februari 6 mwaka 2027, kwa hiyo hija itaanza Februari 11 na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Kilele ni kati ya katikati ya mwezi wa kwanza na siku ya 19 ya mwezi wa pili, sikukuu ya Quan Âm.

Sasa uamue unatafuta nini. Ukitaka kuona imani yenyewe, vikongwe wakipanda ngazi na kikapu cha sadaka mkononi, nenda ndani ya msimu, ila siku ya kazi, na uepuke tarehe 1 na 15 za kalenda hiyo ya mwezi. Jumamosi ya mwezi wa kwanza sikushauri hata kidogo: ni foleni ya mtumbwi, foleni ya ngazi, foleni ya choo. Ukitaka utulivu, nenda Oktoba au Novemba. Mvua kubwa zimepita, jua si kali, na mto unafunikwa na mayungiyungi ya waridi. Upungufu wake ni kwamba vibanda vingi vimefungwa na pengine utangoja mtumbwi upate abiria. Mwezi Machi kuna zawadi nyingine: miti ya gạo kandokando ya mto, ambayo ni jamii moja na msufi wetu, hupukutisha majani yote na kubaki na maua mekundu matupu. Juni hadi Agosti ni joto la kunyonya nguvu na dhoruba za ghafla. Kama huna namna, basi, lakini usipange kwa hiari.

2. Visa, fedha na simu

Tangu Agosti 15, 2023, Vietnam hutoa visa ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Anwani rasmi ni evisa.gov.vn, tovuti nyingine zenye sura inayofanana ni za mawakala wanaoongeza cha juu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na la babu.

Beba fedha taslimu, noti ndogondogo za dong, kwa sababu gatini na kwenye vibanda kadi haina kazi. Katika miaka ya karibuni kiingilio kimekuwa kama dong 120,000 kwa mtu na nauli ya mtumbwi kama 85,000 kwenda na kurudi. Gari la kebo la kupandia mlimani hulipiwa peke yake. Laini ya simu nunua mjini. Viettel ina mtandao mzuri hata vijijini, na Mtanzania aliyewahi kutumia Halotel au Mrundi wa Lumitel tayari ni mteja wa kampuni hiyohiyo bila kujijua.

Jambo dogo la saa: Vietnam iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne, na tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Saa ninazotaja hapa ni za Kiswahili. Ukiambiwa basi ni la 06:00, hiyo ni saa 12 asubuhi.

3. Namna ya kufika

Njia rahisi ni ziara ya kundi kutoka mtaa wa zamani wa Hanoi. Unachukuliwa hotelini, kiingilio, mtumbwi na chakula vimo ndani, na kuna mtu wa kukueleza. Ubaya wake ni ule wa saa 2 asubuhi, pamoja na kupewa saa moja tu ya kupanda na kuliona pango. Ukichukua njia hii, uliza maswali mawili kabla ya kulipa: tunaondoka saa ngapi, na kebo imo ndani ya bei au la.

Njia ninayoipenda ni usafiri wa umma. Treni ya juu ya Cát Linh–Hà Đông, iliyofunguliwa Novemba 2021, huishia Yên Nghĩa penye stendi ya mabasi. Hapo unapanda basi namba 75 linalokwenda Hương Sơn. Kuna pia namba 103 linalotoka stendi ya Mỹ Đình. Ruti hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye ramani ya simu usiku wa kuamkia safari. Nauli ni ndogo mno ukilinganisha na ziara, na utakaa na akina mama wanaokwenda kusali, si na watalii wenzako.

Watu wanne na zaidi wakodi gari na dereva wagawane gharama. Pikipiki ya kukodi niiache: barabara ya 21B ina malori, na leseni yako ya nyumbani peke yake haitambuliki.

Kwa vyovyote vile, ukikaribia Hương Sơn usishangae mtu wa pikipiki akilifuata gari na kuashiria msimame, akidai yeye ndiye wa mitumbwi. Ni dalali. Msisimame. Tiketi hukatwa kwenye kibanda rasmi.

4. Nguo na mzigo

Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Dada aliyevaa dera na mtandio yuko sawa kabisa kwa stara, ila alipandishe kidogo kwenye ngazi, kwa sababu pindo refu na jiwe lenye maji haviendani. Viatu viwe na soli ya kushika. Januari hadi Machi kuna manyunyu membamba yasiyokatika, na baridi yake humwingia mtu wa pwani kwenye mifupa. Beba sweta na koti la mvua. Mwavuli unafaa mtoni, kwa kuwa mitumbwi haina paa, lakini kwenye ngazi zilizojaa watu unachoma macho ya wenzako.

Maji lita moja na nusu, chakula cha kutafuna njiani, karatasi za chooni. Na uende haja kabla ya kupanda mtumbwi. Ni saa nzima majini na hakuna pa kuomba kushushwa.

5. Gatini na mtoni

Kutoka maegesho kuna vigari vya umeme vinavyokufikisha gati la Yến. Kutembea pia kunawezekana. Ukishakata tiketi utaelekezwa kwenye mtumbwi wa bati, bapa, wenye mbao za kukalia. Mpiga makasia mara nyingi ni mama wa makamo mwenye kofia ya majani na barakoa, ambaye atakupanga ukae wapi kwa kukunyooshea kidole tu. Mtii. Mnene mbele na mnene nyuma, hiyo ndiyo hesabu yake. Vaa jaketi la kuokolea hata kama mto unaonekana wa kina kifupi.

Mto wa Yến hauna kasi. Ni kilomita kama 4 za maji yaliyolala kati ya milima, na milima yote ina majina. Mmoja ni sinia ya wali, mwingine ni tembo aliyepiga magoti. Wenyeji husimulia kwamba tembo wote walielekea hekaluni isipokuwa mmoja aliyegeuza makalio, akaadhibiwa kwa panga, na mlima wake mpaka leo una upande uliokatika wima. Mwombe mama akuonyeshe. Hahitaji Kiingereza kukuonyesha makalio ya tembo.

Mitumbwi inapopishana utasikia watu wakisalimiana "A Di Đà Phật". Ni jina la Buddha Amitabha, na huku ndiyo salamu ya njiani, mtoni na mlimani, kwa mtu usiyemjua. Tamka "a-zi-da-fat". Anayeona ni dua ya dini nyingine na moyo wake hauko radhi, atabasamu na kuinamisha kichwa, hakuna atakayeudhika.

6. Piga hodi Đền Trình

Baada ya mwendo mfupi mtumbwi hutia nanga penye hekalu dogo upande mmoja wa mto. Hapa ni Đền Trình, na ndipo mgeni anapojitambulisha kwa mlinzi wa mlima kabla ya kuingia ndani zaidi. Watalii wenye haraka hupitiliza. Mimi nasema shuka, hata kama ni dakika kumi, maana mpangilio wa hija nzima umejengwa juu ya adabu hii ya kubisha hodi, na mama mpiga makasia anaitegemea.

Hapa pia ndipo pa kujifunza taratibu utakazozihitaji kutwa. Mlango wa kati huachwa. Ingia kwa ule wa kulia, toka kwa ule wa kushoto, na usikanyage kizingiti bali ukivuke. Kofia vua. Usimwelekezee sanamu kidole wala nyayo, na usipige picha mbele ya mtu anayesali. Kwenye mahekalu ya Kibudha sadaka huwa ni maua, matunda, udi na vitu visivyo na nyama. Kuku wa kuchemsha unaowaona kwenye baadhi ya madhabahu ni wa miungu ya kienyeji, si wa Buddha. Fedha tia kwenye sanduku la sadaka. Zamani watu walibandika noti kwenye vidole vya sanamu na kuzitupa kwenye visima, na wasimamizi wamekuwa wakilipiga vita jambo hilo kwa muda mrefu.

Kama wewe si Mbudha, huna haja ya kushika udi wala kusujudu. Simama pembeni, kimya. Nimeona wageni wakishikishwa vijiti vya udi na kuviinua juu chini bila kujua wanamwomba nani, na wakati huohuo rafiki anapiga video. Hilo linakera zaidi kuliko kutoshiriki.

7. Thiên Trù, na suala la chakula

Mtumbwi utakushusha kwenye gati la ndani, karibu na hekalu la Thiên Trù. Kariri namba ya mtumbwi na sura ya mama, kisha mkubaliane kwa vidole saa ya kurudi. Piga picha ubavu wa mtumbwi penye namba. Saa nane mchana mitumbwi mia iliyofanana itakuwa imepangana hapo.

Ngazi za mwanzo zinapita katikati ya safu ya migahawa na vibanda. Kwa miaka mingi migahawa hii ilisifika, na kulaumiwa, kwa kutundika mizoga ya wanyama mbele ya wapita njia, mingine ikiitwa nyama ya porini. Mamlaka zimekataza kutundika, lakini bado utaitwa kwa kelele. Usiagize kitu kinachoitwa cha porini.

Neno la kukuokoa ni "chay". "Cơm chay" ni wali na mboga, tofu, uyoga, chakula cha watawa kisicho na nyama wala mafuta ya nguruwe, na linamfaa Mwislamu aliye safarini kuliko kuanza kuuliza kila sufuria. Bado, uliza kama wanakaangia kwenye kikaango kimoja na nyama. Msimu ukiwa umefika, agiza supu ya rau sắng, majani ya mti wa milimani ambayo ni sifa ya Hương Sơn. Yana utamu wa mchuzi ingawa hakuna kilichotiwa. Na juisi ya mơ, tunda dogo chachu la huku, nzuri sana ukiwa umechoka. Ila angalia chupa: mơ hutengenezewa pombe pia, na rangi ni ileile.

Hekalu la Thiên Trù lenyewe lina ua mpana na mnara wa kengele. Liliteketezwa wakati wa vita na Wafaransa, na sehemu kubwa ya unachokiona ilijengwa upya baadaye. Usilimalizie muda hapa asubuhi. Litazame ukirudi.

8. Kupanda

Kutoka Thiên Trù hadi pangoni ni kama kilomita 2 za ngazi za mawe, saa moja kwa mtu wa kawaida, na zaidi msimu wa watu. Kuna kebo pia, iliyoanza kazi mwaka 2006, inayofika karibu na pango kwa dakika chache.

Ushauri wangu: panda kwa miguu, shuka kwa kebo. Watu hufanya kinyume wakidhani kuteremka ni rahisi. Mawe haya yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanang'aa, na manyunyu yakidondoka yanateleza kama sahani yenye mafuta. Mtu akipanda huchoka pumzi tu. Akishuka huumia magoti, na ndipo wanapoanguka. Isipokuwa siku za kilele: mchana foleni ya kebo ya kushuka huwa ndefu kupita kiasi, hivyo siku hizo panda nayo mapema na ushuke polepole kwa miguu.

Ukipanda kwa miguu utapita Giải Oan, hekalu dogo lenye kisima ambapo, kwa masimulizi, binti mfalme Diệu Thiện, ndiye Quan Âm mwenyewe, alijiosha vumbi la dunia. Kisa chake ni hiki: alikuwa binti wa tatu, alikataa kuozwa, baba akaamuru auawe, chui milia akamchukua na kumleta milima hii. Miaka ikapita, mfalme akaugua ugonjwa usiotibika bila macho na mikono ya mtu atakayevitoa kwa hiari. Aliyevitoa ni binti yule yule. Ukikijua kisa hiki kabla ya kufika juu, utaelewa kwa nini wanawake wanalia pangoni.

Pumzika vibandani, nunua kipande cha chè lam, peremende ya unga wa mchele na tangawizi. Uliza bei kabla ya kuketi, si baada.

9. Ndani ya Hương Tích

Huliingii pango kwa kupanda bali kwa kushuka: ngazi takribani 120 zinateremka kwenye mdomo mkubwa wa jabali, na hewa inapoa kila hatua. Kabla ya kuingia tazama ukutani. Kuna maandishi matano ya Kichina yaliyochongwa mwaka 1770 kwa mkono wa Trịnh Sâm, mtawala wa kaskazini ya Vietnam wakati huo, yakilisifu pango hili kuwa la kwanza chini ya anga la kusini.

Aliyewahi kuingia Amboni kule Tanga atakuta mambo anayoyajua: chokaa iliyodondoka hadi ikawa maumbo, na watu waliokuja na shida zao. Karibu na mlango kuna lundo la jiwe liitwalo ghala la mchele. Ndani kuna mti wa dhahabu, mti wa fedha, kichuguu cha mvulana na cha msichana. Wanaotafuta mtoto hupapasa kile wanachokitaka, na mawe hayo yamekuwa meusi na laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Palipo na jiwe lililoning'inia mfano wa titi, watu husimama na kiganja wazi wakingoja tone. Tone halina haraka. Mwingine hungoja dakika nzima, likimwangukia kiganjani anajipaka usoni, anampisha wa nyuma.

Kaa pembeni ya njia, acha mahujaji wapite mbele yako madhabahuni. Sakafu ina maji, tumia tochi ya simu miguuni badala ya kuimulika juu. Na linda mfuko wako. Mahali penye msongamano na macho yaliyofumbwa, vibaka nao huja kuhiji. Nusu saa inatosha siku ya watu wengi, saa nzima siku ya utulivu.

Mabango yatakuonyesha pia Hinh Bồng na mapango mengine, na kuna njia tofauti za Long Vân na Tuyết Sơn. Kwa siku moja, ziache.

10. Kurudi

Saa 8 mchana uwe gatini, saa 9 ikizidi sana. Mama atakuwa anangoja, huenda amelala ndani ya mtumbwi na kofia usoni. Karibu na mwisho wa safari kuna uwezekano akaomba bakshishi, wengine kwa upole, wengine kwa kuacha makasia kwanza. Mamlaka wanawakataza kushurutisha, na tiketi umeshalipa. Lakini amekupiga makasia kilomita nane, na sehemu ya nauli tu ndiyo inayomfikia. Dong 50,000 kwa kundi dogo ni heshima nzuri. Mpe mwishoni, mkononi mwake, mkiwa nchi kavu, na usiruhusu mjadala uanze katikati ya maji.

Mwenye gari la kukodi anaweza kusimama Vân Đình, mji ulio njiani unaojulikana kaskazini yote kwa bata wake. Anayetafuta halali asubiri mjini: msikiti pekee wa Hanoi, Al-Noor, uko namba 12 mtaa wa Hàng Lược, ulijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890, na waumini pale watakuelekeza pa kula.

Waliokuja na basi namba 75 wasiruhusu dereva wa teksi pale Yên Nghĩa awashawishi. Saa 11 jioni barabara ya kuingia Hanoi haisogei. Vuka kwenda kituo cha treni, na dakika 20 na ushee baadaye uko Cát Linh.